Dawa ya kutia kwenye mashine ya kuoshea kabureta kwa mawimbi ya sauti

Fundi akishaleta gereji mashine ya kuoshea vipuri kwa mawimbi ya sauti, ile yenye tangi la stenlesi, hita na taima, swali linalofuata ni atie nini ndani. Majibu mawili hupatikana haraka: sabuni ya vyombo, au petroli. La kwanza linafaa kwa kazi nyepesi tu. La pili linaunguza gereji.

Hapa tunashughulika zaidi na kabureta ya pikipiki, kwa kuwa ni kipuri kidogo chenye kila kitu ndani yake: alumini au zinki, brasi, chuma, mpira na plastiki, na kila kimoja kina adui wake. Ukishajua kuichagulia kabureta dawa, vipuri vingine havitakusumbua.

Kazi ya dawa

Chini ya tangi vimebandikwa vitetemeshi vinavyotikisa maji mara 40,000 hivi kwa sekunde. Mtikiso huo huzaa viputo vidogo mno, na kila kiputo kinapojifunga karibu na uso wa chuma hupiga pigo dogo linalobandua uchafu. Nguvu ya kubandua ni ya mashine. Dawa ina kazi tatu: kulegeza mvutano wa uso wa maji ili yapenye kwenye tundu jembamba, kuyeyusha au kulainisha uchafu, na kuushika uchafu uliobanduka usirudi kukaa kwenye kipuri.

Maji matupu hayafanyi hata moja kati ya hizo vizuri. Ukiosha kabureta kwa maji peke yake, vumbi litatoka, lakini ule utando wa kahawia wa petroli iliyokaukia ndani utabaki palepale, na mafuta yaliyobanduka yataelea juu yakisubiri kukipaka kipuri upya unapokitoa.

Anza na metali, uchafu baadaye

Kosa la kawaida ni kuchagua dawa kwa kuangalia uchafu ulivyo mgumu. Uchafu mgumu unaweza kupewa muda zaidi, joto zaidi, au mzunguko wa pili. Metali iliyoliwa hairudi.

Alumini na zinki ziko kundi moja kwa sababu zote mbili huliwa pande mbili, na asidi na alkali kali. Bodi ya kabureta huwa ni mojawapo ya hizo. Ukitaka kuzitofautisha, ipime mkononi: zinki ina uzito zaidi ya mara mbili ya alumini kwa ukubwa uleule. Kwa upande wa dawa zote mbili zitendee sawa.

Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, usiifikirie kabisa kwa metali hizi. Dondoshea bodi ya alumini ndani ya kostiki yenye joto uone: kwa sekunde chache hakuna kitu, kisha viputo vyembamba vinaanza kupanda kutoka kila pembe kama soda iliyofunguliwa. Hiyo ni haidrojeni, gesi inayowaka, na kila kiputo ni alumini iliyokwenda na maji. Baada ya dakika chache kipuri kinageuka kijivu cheusi. Weusi huo hausuguliki kwa mswaki, kwa sababu si uchafu ulioongezeka: aloi ya kumimina (alumini iliyochanganywa na vitu vingine) ina silikoni na shaba, na alumini ikiliwa ndizo zinazobaki juu. Uso ulioliwa ni wa kukwaruza, na pale slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta eksileta) inapopita ndani ya bodi ulaini ndio kila kitu.

Brasi ya jeti, kile kipande chenye tundu dogo linalopima petroli, huvumilia alkali nyepesi bila tatizo. Isichovumilia ni amonia. Dawa za kung'arishia saa na vyombo vya brasi nyingi zina amonia, nazo hufanya kazi nzuri kwa dakika chache, lakini ukiacha brasi humo muda mrefu inaweza kupata nyufa, hasa sehemu iliyokazwa kwa nguvu au kukunjwa. Asidi nayo huondoa zinki iliyo ndani ya brasi. Jeti ikitoka na rangi ya waridi, ujue tayari imeliwa, na tundu lake huenda si la kipimo kile tena.

Chuma ni kinyume cha alumini: hustahimili alkali hata iliyo kali, lakini huogopa asidi na kuachwa na maji. Springi na beringi zilizofanywa ngumu kwa moto usiziweke kwenye asidi hata kidogo. Haidrojeni inayotokea huingia ndani ya chuma na kukifanya kivunjike ghafla siku nyingine, chini ya mzigo, na hutajua sababu.

Mpira, plastiki na rangi havisumbuliwi na dawa ya maji iliyo nyepesi. Joto na viyeyushi ndivyo vinavyoviharibu. Dayaframu (utando wa mpira), oringi (pete za mpira) na floti (boya dogo la petroli) vitoe kabla. Sehemu za alumini zilizotiwa rangi kwa umeme, kama vifuniko vya buluu na vyekundu, hazifai alkali yoyote: rangi hutoka. Hizo zipe dawa isiyo asidi wala alkali.

Aina za dawa na mahali pake

Kwa kabureta, cha kutafuta ni dawa ya alkali nyepesi iliyoandikwa kwamba ni salama kwa alumini. Kinachoifanya iwe salama mara nyingi ni silikati, ambayo hujenga utando mwembamba juu ya alumini na kuizuia isiliwe. Ndiyo maana namba ya pH (kipimo cha asidi na alkali: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) peke yake haitoshi kukupa jibu. Dawa yenye silikati inaweza kuwa na pH 11 na isiidhuru alumini, ilhali soda ya kufulia yenye pH hiyohiyo ikaipiga weusi. Muulize muuzaji mambo matatu: pH ikishachanganywa, uwiano wa kuchanganya, na metali inazoruhusiwa kugusa. Dumu lisilo na lebo yenye majibu hayo liache dukani, hata bei ikishuka.

Dawa isiyo asidi wala alkali, yenye pH kati ya 7 na 8 hivi, ni ya vipuri vyenye metali nyingi usizozijua, vyenye rangi, au vilivyochafuka kidogo. Inaosha polepole. Sabuni ya vyombo iko kundi hili: mililita 5 kwa lita moja ya maji zinatosha kwa mafuta mepesi na vumbi. Nyingi huwekewa chumvi ya kawaida ili ziwe nzito, na chumvi si rafiki wa chuma wala wa tangi la stenlesi, kwa hiyo isikae humo usiku kucha. Poda ya kufulia ni kitu kingine: ndani yake mna soda, na kwenye maji ya moto inaweza kufifiza alumini ndani ya nusu saa.

Magadi, iwe ya Ziwa Magadi upande wa Kenya au ya Ziwa Natron upande wa Tanzania, ni alkali nzuri na rahisi kwa vipuri vya chuma tupu: gia, boliti, sproketi, mnyororo. Tumia magadi yaliyosafishwa, gramu 20 kwa lita, yayeyuke kabisa kwanza kwenye ndoo na kuchujwa kwa kitambaa, maana mchanga ukiingia kwenye tangi utalisaga. Kwa kabureta, hapana.

Asidi ni ya kutu na magamba ya maji, si ya mafuta. Kama kipuri kina mafuta juu ya kutu, asidi itagonga mafuta na kuishia hapo. Osha mafuta kwanza. Unga wa ndimu (asidi ya sitriki), gramu 50 kwa lita, kwenye nyuzijoto 50, huondoa kutu nyepesi kwenye chuma kwa mizunguko ya dakika 10, ukikagua kila baada ya mzunguko. Ukitoa kipuri, kitie mara moja kwenye maji yenye bikaboneti ya soda gramu 10 kwa lita, suuza, kausha, paka mafuta. Ukichelewa hata robo saa utaona kutu ya rangi ya chungwa imeshaanza upya.

Wapo mafundi wanaotumia asidi kuondoa ule unga mweupe unaoota kwenye bakuli la floti pale maji yalipokaa ndani ya petroli. Unga huo ni metali yenyewe iliyooza. Dawa ya alkali nyepesi haiutoi vizuri, ni kweli. Lakini chini yake mna mashimo, na asidi huyaongeza kina. Ukikosa njia nyingine, tumia unga wa ndimu gramu 20 kwa lita, bila hita, dakika 3, ndani ya bilauri ya kioo iliyosimama kwenye maji ya tangi, kisha bikaboneti haraka. Mara nyingi mswaki wa nailoni na subira vinafika hapohapo bila hasara.

Dawa za vimeng'enya ni za vifaa vya hospitali na hutumika chini ya nyuzijoto 45. Gereji haina kazi nazo.

Vitu visivyoingia kwenye tangi

Petroli, thina, asetoni na spiriti haviingii, hata kidogo, hata hita ikiwa imezimwa. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ule wa spiriti ya isopropili kwenye nyuzi 12. Mtikiso wenyewe hupasha maji joto na kurusha ukungu hewani, na chini ya tangi hilo kuna hita na bodi ya umeme ambayo haikuzibwa dhidi ya mvuke. Mafuta ya taa yanaonekana mapole, lakini huanza kutoa mvuke unaowaka kwenye nyuzi 40 hivi, na mashine inafanya kazi nyuzi 55. Viwanda vilivyowahi kuoshea kwa viyeyushi visivyowaka vyenye klorini vilivipunguza baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 na marekebisho yake, kwa sababu baadhi yake vilikuwa vinaharibu tabaka la ozoni. Vyenye kuwaka vinahitaji mashine maalumu zisizotoa cheche, ambazo si hizi.

Jiki na dawa za choo pia haziingii. Kloridi iliyomo hutoboa stenlesi vitundu vidogo vidogo, na tangi likivuja matone huanguka juu ya vitetemeshi. Jiki ikikutana na asidi yoyote, hata ya ndimu, hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Maji unayochanganyia

Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya visima vingi vya mwambao, hupunguza nguvu ya dawa na kuacha madoa meupe. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa. Kwa suuzo la mwisho tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Hakikisha chupa ni ya maji na si ya asidi ya betri, kwa maana hukaa rafu moja na mara nyingine hufanana.

Kuchanganya na kuosha

Chukua tangi la lita 6. Usilijaze, tia lita 5, au hadi alama iliyochorwa ndani. Dawa nyingi za kabureta huchanganywa kati ya asilimia 3 na 10. Anza na asilimia 5: mililita 250 kwenye lita 5. Kuongeza dawa kupita kipimo cha lebo hakuongezi usafi. Povu huongezeka, suuzo linakuwa gumu, na metali inaumia zaidi. Kama asilimia 5 haikutosha, ongeza joto au muda kabla ya kuongeza dawa.

Joto linalofaa ni nyuzi 50 hadi 60. Ukivuka 80 viputo hujaa mvuke na pigo lao linalegea, na dawa inakaukia kwenye kipuri unapokitoa. Hita ya wati 200 itachukua karibu saa nzima kupandisha lita 5 kutoka nyuzi 25 hadi 55, kwa hiyo ni akili kutia maji yaliyokwisha kupashwa nyuzi 50 nje na kuacha hita ishikilie tu. Usimimine maji yanayochemka kwenye tangi baridi.

Maji mapya yana hewa ndani yake, na hewa hiyo hufyonza nguvu. Washa mashine dakika 10 bila kipuri. Utaona viputo vidogo vikipanda na kutoweka juu, na mlio utabadilika kutoka kukoroma hadi mluzi mkali ulio sawa. Ndipo kazi ianze.

Kabureta iwe imemwagwa petroli yote, imefunguliwa kabisa, na tope la nje limesuguliwa kwa mswaki na maji ya sabuni. Petroli iliyobaki kwenye bakuli ikielea juu ya maji ya nyuzi 55 ni hatari ileile tuliyoitaja. Toa jeti kuu, jeti ya sailensa (ya injini ikinguruma bila kuvutwa eksileta), sindano, oringi, gasketi na skrubu ya hewa, baada ya kuhesabu mizunguko yake hadi ikaze ili uirudishe ilipokuwa. Weka vitu vidogo vya metali kwenye kichujio cha chai cha chuma.

Kipuri kikae kwenye kikapu, kamwe kisilale sakafuni mwa tangi. Kikigusa chini kinazuia mtikiso, na mahali pale tangi linaliwa mpaka litoboke.

Jambo ambalo watu hulisahau: hewa iliyonaswa ndani ya njia za kabureta. Pale penye kiputo cha hewa hapana maji, na pasipo maji hapana usafi. Kwa bomba la sindano vuta dawa kutoka kwenye tangi uipitishe kwenye kila njia mpaka itoke upande wa pili, ndipo uzamishe. Baada ya dakika 10 geuza bodi upande wa pili na urudie. Kwa utando mwepesi mizunguko miwili inatosha. Kwa pikipiki iliyolala mwaka mzima tarajia mitatu au minne. Kati ya mizunguko, toa jeti ya sailensa na uielekeze kwenye mwanga. Tundu safi linaonekana la mviringo kamili, lenye ukingo mkali. Likionekana kama mwezi ulioliwa upande, bado. Usitie waya wa chuma. Utapanua tundu, na pikipiki haitashika sailensa tena.

Suuza ingali imelowa, maana silikati ikikauka huacha ukungu mweupe mgumu kutoka. Ndoo ya kwanza iwe ya maji ya vuguvugu, ya pili ya maji yaliyotoneshwa. Kisha hewa ya kompresa kwenye kila njia, na jua au feni kwa saa moja kabla ya kufunga.

Kujaribu dawa usiyoiamini

Tafuta kipande cha kabureta iliyokufa ya metali ileile. Kizamishe kwenye dawa iliyochanganywa, kwenye joto la kazi, mashine ikiwa imezimwa, nusu saa. Viputo vikipanda kutoka kwenye kipande, dawa inakula. Visipopanda, washa mashine dakika 10, suuza na ulinganishe rangi na upande ambao haukulowa. Kipande kikipita, ndipo kipuri cha mteja kiingie.

Kama usafi ni hafifu na dawa ni sahihi, usiilaumu dawa kabla ya kuipima mashine. Ning'iniza kipande cha foili ya jikoni wima katikati ya tangi kwa sekunde 30 hadi 60. Kikitoka na vidoti na vitundu vilivyosambaa kila mahali, mashine iko sawa. Kikiwa na sehemu kubwa isiyoguswa, kitetemeshi kimojawapo kimekufa, au tangi limejazwa vibaya, au hewa haijatoka kwenye maji. Okota vipande vya foili vyote kabla ya kuendelea.

Dawa ikichoka

Dawa haina idadi maalumu ya kabureta. Ibadilishe kipuri kinapotoka na utando wa mafuta, kazi ya dakika 20 inapotaka 40, au tope linapotanda chini. Tope hilo hufyonza nguvu na kulisugua tangi, kwa hiyo hata dawa ikiwa bado nzuri ichuje kila jioni kwa kitambaa kizito. Mafuta yanayoelea yanywe kwa karatasi kabla ya kuinua kikapu. Kwa dawa ya alkali, karatasi za kupimia pH husaidia: ikishuka alama moja na nusu chini ya ilipoanzia, imekwisha.

Iliyokwisha isimwagwe mtaroni. Iache itulie siku nzima kwenye ndoo, chota mafuta ya juu, weka tope la chini pamoja na mafuta machafu ya injini, na vyote vipelekwe kwa wakusanyaji. Vaa glavu na miwani unapofanya hivyo, na mkono usiingie tangini mashine ikiwa inafanya kazi. Dawa iliyochanganywa na bado nzuri ihifadhi kwenye dumu la plastiki lenye kifuniko, lililoandikwa jina, kiwango na tarehe, na kamwe si kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda.